Mtoto amepata daraja la nne: aombe chuo gani?

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Januari, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hutangazwa. Habari hufika kijijini kwa simu. Nyumba moja hufurahi. Nyumba ya pili hunyamaza. Mtoto amepata daraja la nne. Hawezi kwenda kidato cha tano. Na nyumbani fedha ni kidogo.

Hapo wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine husema, "Shule imemshinda, basi tena." Wengine huuza ng'ombe haraka na kumpeleka mtoto katika chuo cha kwanza wanachokisikia. Yote mawili yanaweza kuleta hasara.

Ndugu msomaji, daraja la nne si kushindwa kabisa. Aliyeshindwa kabisa huandikiwa sifuri. Lakini daraja la nne halifungui kila mlango. Kazi ya mzazi na mtoto ni kujua ni mlango upi unaofunguka, unafunguka lini, na kwa shilingi ngapi. Tuifuate kazi hiyo hatua kwa hatua.

Soma somo moja moja

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa alama kwa herufi. A ni pointi 1. B ni pointi 2. C ni pointi 3. D ni pointi 4. F ni pointi 5. Baraza huchukua masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, likajumlisha pointi zake.

Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Pointi 18 hadi 21 ni daraja la pili. Pointi 22 hadi 25 ni daraja la tatu. Pointi 26 hadi 33 ni daraja la nne. Pointi 34 na 35 ni sifuri. Pointi zikiwa chache, matokeo ni mazuri.

Sasa tuchukue mfano wa wasichana wawili. Wote wana daraja la nne, pointi 26.

Wa kwanza ana C ya Kiswahili na C ya Biolojia. Ana D ya Kemia, Fizikia, Kiingereza, Jiografia na Uraia. Jumlisha: 3 na 3 ni 6. D tano ni 20. Jumla ni 26.

Wa pili ana C ya Kiswahili na C ya Historia. Ana D ya Kemia, Biolojia, Kiingereza, Jiografia na Uraia. Fizikia amepata F. Jumla yake nayo ni 26.

Ukitazama daraja tu, wasichana hawa wako sawa. Mbele ya chuo hawako sawa. Anayetaka kusomea utabibu kwa ngazi ya stashahada hutakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini. Kati ya hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Alama ya D inahesabiwa kuwa ni kufaulu. Kwa hiyo msichana wa kwanza anaweza kuomba. Wa pili hawezi, kwa sababu ya Fizikia peke yake.

Je, wa pili amekwama? Hapana. Zipo kozi ambazo hutaka tu masomo manne yaliyofauliwa, yasiyo ya dini. Ziko hivyo kozi nyingi za astashahada, kama zile za maendeleo ya jamii, utunzaji wa kumbukumbu na uongozi wa serikali za mitaa. Na kama moyo wake uko kwenye utabibu, anaweza kurudia mtihani wa Fizikia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Akipata D, mlango wa utabibu unafunguka.

Basi usiulize tu, "Amepata daraja gani?" Uliza, "Amefaulu masomo yapi?"

Sifa za kila kozi zimeandikwa katika kitabu cha mwongozo. Kitabu hicho hutolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Watu wengi hulijua kwa jina la NACTVET. Kitabu kinaonyesha jina la chuo, kozi zake, sifa zinazotakiwa na ada. Kinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Mwalimu wa sekondari anaweza kukufungulia. Steshenari ya mjini inaweza kukuchapia kurasa chache unazozihitaji. Tumia kitabu cha mwaka huu. Sifa na ada huweza kubadilika.

Sifa ya chini si ahadi

Kuwa na sifa ya chini hakumaanishi kwamba utachaguliwa. Maana yake ni kwamba umeruhusiwa kuomba.

Vyuo vya serikali vina ada nafuu. Kwa sababu hiyo waombaji ni wengi. Tuseme chuo kina nafasi 100, na watu 600 wenye sifa wameomba. Watachukuliwa wale wenye alama nzuri zaidi. Mwenye D tupu anaweza kuachwa, ingawa hana kosa lolote katika fomu yake.

Mkulima hapandi mahindi peke yake. Hupanda na muhogo, ili mvua ikikatika nyumba isilale njaa. Mwombaji wa chuo naye afanye hivyo. Achague vyuo na kozi za aina tatu.

Kwanza, achague chuo anachokitamani sana, hata kama waombaji ni wengi. Pili, achague kozi nyingine inayolingana na alama zake, katika chuo kisichokimbiliwa na wengi. Tatu, achague chuo ambacho ana hakika ya kupata nafasi, na ambacho familia inaweza kukilipia.

Wengi husahau vyuo vilivyo mbali na miji mikubwa. Vipo vyuo vya kilimo vya serikali kama Ukiriguru mkoani Mwanza, Maruku mkoani Kagera, Ilonga mkoani Morogoro na Naliendele mkoani Mtwara. Vipo vya mifugo kama Mabuki mkoani Mwanza, Mpwapwa mkoani Dodoma na Buhuri mkoani Tanga. Mtoto aliyelelewa shambani na zizini asione haya kuomba huko. Lakini asome sifa kwanza, kwani kilimo na mifugo navyo hutaka masomo ya sayansi.

Hesabu gharama yote, si ada tu

Wazazi wengi huuliza, "Ada ni kiasi gani?" Wakijibiwa, huona wanaweza. Baada ya miezi mitatu mtoto anarudi nyumbani. Ada ililipwa, lakini chakula hakuna.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme ada ya chuo ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Chumba ni shilingi 300,000. Chakula ni shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 300 ni shilingi 900,000. Sare, vifaa na malipo ya mitihani ni shilingi 350,000. Nauli za kwenda na kurudi ni shilingi 150,000.

Jumla ni shilingi 2,900,000 kwa mwaka mmoja. Ada haikufika hata nusu yake. Kozi ya miaka mitatu itahitaji shilingi 8,700,000. Bei hizi ni za mfano. Kila familia iandike bei za chuo inachokitaka.

Ukishapata jumla, uliza maswali haya. Je, ada inalipwa kwa awamu? Je, yupo ndugu karibu na chuo ambaye mtoto anaweza kukaa kwake? Je, kozi hiyohiyo inafundishwa katika chuo kilicho karibu zaidi? Je, mafunzo ya vitendo yatafanyika wapi, na nani atalipa nauli?

Kumbuka pia kwamba matokeo hutoka Januari, na vyuo vingi huanza masomo Septemba au Oktoba. Katika sehemu nyingi za nchi, kati ya miezi hiyo kuna mavuno. Tenga gunia za mtoto kabla ya kuuza zote. Kama uko katika kikundi cha kuweka na kukopa, anza kununua hisa mapema. Ng'ombe mmoja anayeuzwa kwa bei nzuri ni bora kuliko ng'ombe wawili wanaouzwa kwa haraka.

Mkopo upo, lakini andaa karatasi mapema

Zamani mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haikuwafikia wanafunzi wengi wa vyuo vya kati. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi hutoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani maalumu. Miongoni mwa fani hizo ni afya, kilimo na mifugo, nishati, na madini. Si kila anayeomba hupata. Wala si kila anayepata hulipiwa gharama zote. Lakini asiyeomba hapati kabisa.

Wengi hukosa mkopo kwa sababu ya karatasi. Mwombaji anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, anahitaji cheti cha kifo. Kama kaya iko katika mpango wa TASAF, aandike namba ya kaya. Anahitaji mdhamini. Fomu husainiwa na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na pia hupelekwa kwa hakimu au wakili.

Tazama majina kwa makini. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma, na cheti cha shule kinasema Mwanajuma, kutakuwa na shida. Herufi chache zinaweza kuchelewesha maombi hadi siku ya mwisho ikapita. Marekebisho huchukua muda. Yaanze kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

Tena, mkopo si zawadi. Ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 atakatwa shilingi 75,000. Mtoto alijue jambo hili kabla ya kutia saini.

Jihadhari na matapeli

Wakati wa maombi hutokea watu wanaosema, "Nipe laki mbili, nitampatia mwanao nafasi." Nafasi ya chuo haiuzwi. Anayeiuza ni mwizi.

Vipo pia vyuo visivyosajiliwa. Mtoto husoma miaka miwili, na cheti chake hakitambuliwi. Fedha imekwenda na umri umekwenda. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, hakikisha kwamba jina la chuo na jina la kozi vimo katika orodha ya NACTVET. Chuo kinaweza kusajiliwa, lakini kozi unayoitaka isiwe imeruhusiwa. Tazama vyote viwili.

Usilipe ada kwa simu ya mtu binafsi. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo, kisha tunza risiti. Na kijana anapojaziwa fomu kwenye steshenari, akae palepale aangalie. Neno lake la siri aliandike katika daftari lake mwenyewe. Vijana wengine wamekosa nafasi kwa sababu mwenye steshenari alikuwa amehama na neno la siri.

Njia ndefu nayo hufika

Ipo njia nyingine kwa asiye na masomo manne. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa umeme, uashi, magari, ushonaji na mengine. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi 54, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975. Vingi viko vijijini. Fundi aliyefika daraja la tatu la ufundi stadi anaweza kuendelea kuomba chuo cha ufundi.

Na aliyefika stashahada anaweza kwenda chuo kikuu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inataka mwenye stashahada awe na wastani usiopungua 3.0. Awe pia amefaulu masomo manne ya kidato cha nne. Kozi nyingine hutaka zaidi ya hapo. Basi yule msichana wa pointi 26 anaweza kusoma stashahada miaka mitatu, akafanya vizuri, akaingia chuo kikuu. Wenzake waliopita kidato cha tano na sita watakuwa wametangulia. Lakini naye atafika, tena akiwa na kazi mkononi.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Andikeni masomo yote ya mtoto na alama zake kwenye karatasi moja.

2. Nendeni kwa mwalimu wa sekondari. Mwombeni awasomee sifa za kozi tatu katika kitabu cha mwongozo.

3. Tazameni kama majina katika vyeti vyote yanafanana.

4. Pigeni hesabu ya gharama yote ya mwaka mmoja, kisha zidisheni kwa miaka ya kozi.

5. Andikeni siku ya mwisho ya maombi ukutani, mahali ambapo kila mtu nyumbani ataiona.

Mzazi asiyesoma sana asirudi nyuma. Kuuliza ni kazi yako, na kujibiwa ni haki yako. Alama za mtoto zimekwisha kuandikwa, na hatuwezi kuzifuta. Lakini siku za maombi bado ziko mbele, na hizo tunaweza kuzitumia.