Programu ya kuchomea diski ya Linux

Wenzetu wa vijijini hutuuliza wachague programu gani. Faili la ISO si wimbo: likinakiliwa kama faili la kawaida, kompyuta haitawaka kwa diski hiyo. Inatakiwa programu inayoandika taswira nzima ya ISO na kuihakiki baada ya kuchoma. Windows 7 na zilizofuata zinayo tayari. ImgBurn ni ya bure. Kwenye Linux kuna K3b na Brasero. Kwetu, uhakiki ndio unaoamua. Diski yenye kasoro huweza kukwama katikati ya kazi, wakati kumbukumbu ya kompyuta imekwisha kufutwa, pamoja na ushuhuda wa waathirika na mapatano ya vijiji. Hivyo vinakiliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine.