Pilipili chotara: mkulima analipia nini?

Mkulima akiona alama ya F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, kwenye pakiti ya mbegu za pilipili, kwanza huuliza kama ni kali kuliko za kienyeji. Si lazima. Pilipili kichaa inayojiotea uani baada ya kupandwa na ndege huzishinda kwa ukali pilipili ndefu nyingi za F1. Kinachouzwa kwenye pakiti ile ni ulinganifu: shamba kukomaa kwa pamoja, na matunda yanayokaribiana kwa urefu, rangi na ukali.

Ulinganifu huo una gharama. Mzalishaji huanza na koo mbili za wazazi, kila moja ikiwa imejichavusha yenyewe vizazi kadhaa hadi haizai tena watoto tofauti. Shida ni kwamba ua la pilipili lina dume na jike mle mle, na likiachwa hujichavusha. Basi mfanyakazi hulifumbua likiwa bado tumba, huondoa vifuko vya chavua kimoja kimoja kwa kibano bila kuumiza jike, kisha hulipaka chavua ya baba na kulifunga uzi ili tunda lake litambulike wakati wa kuchuma. Ua linalofuata, kazi ni ile ile. India na Uchina huzalisha mbegu nyingi kwa mikono namna hii. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab kilipunguza kazi hiyo kilipotoa chotara CH-1, ambaye mama yake, MS-12, hana chavua. Hata hapo haikuwa mteremko: nusu ya mimea ya ukoo huo wa mama huota ikiwa na chavua, na lazima ing'olewe mara tu maua ya kwanza yanapoionyesha.

Kwa nini basi usikamue mbegu za mavuno yako ukapanda tena? Mfano rahisi ni wa hoho. Kuwasha au kutowasha kunaamuliwa kwanza na jeni moja, Pun1. Ukioanisha hoho na pilipili kali, watoto wote wa kwanza watawasha. Panda mbegu za watoto hao, na takribani mche mmoja katika minne utazaa pilipili isiyowasha kabisa. Chotara wa dukani ambaye wazazi wake wote ni wakali hatakuletea hoho, lakini urefu wa tunda, unene wa ganda na siku za kukomaa vitatawanyika vivyo hivyo.

Sasa hesabu. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, ekari moja hubeba miche kama 15,000. Gramu moja ya mbegu za pilipili ndefu ina mbegu zipatazo 150, kwa hiyo unahitaji gramu 100 na ziada ya zisizoota. Kwa bei ya F1, mbegu hizo hazimwagwi kitaluni kama mchicha. Kila moja hupata tundu lake kwenye trei.

Fedha hiyo hurudi kama mnunuzi wako anachambua. Msafirishaji wa pilipili mbichi hutupa zilizopinda na zilizokosa vikonyo. Kiwanda cha sosi hutaka rangi na ukali visivyobadilika kila shehena, na siku hizi ukali hupimwa kwa mashine, si kwa ulimi kama alivyoanza Wilbur Scoville mwaka 1912. Dalali anayenunua kwa gunia, kwa upande mwingine, hakuongezei hata shilingi kwa sababu ya urefu wa tunda. Kama soko lako ni yeye, sioni sababu ya kununua F1, isipokuwa kwa ajili ya ukinzani wa magonjwa.

Na ukinzani usomwe neno kwa neno. Lebo ikitaja virusi vya TMV, inamaanisha hivyo tu; haisemi lolote kuhusu mnyauko bakteria wala virusi vinavyosambazwa na vidukari. Nondo Thaumatotibia leucotreta, ambaye buu lake hujichimbia ndani ya tunda, naye hajali alama ya F1. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya umeweka masharti maalumu juu yake kwa pilipili zinazotoka Afrika, na buu mmoja akikutwa kwenye ukaguzi huweza kuangusha shehena nzima.

Kwa pilipili kichaa ya kukausha ningeendelea na mbegu ya nyumbani. Chagua kichaka kisicho na majani yaliyojikunja, kilicho mbali na pilipili za aina nyingine, kwani nyuki huhamisha chavua. Acha matunda yaive mekundu kabisa, kamua mbegu, zianike kivulini, na uvae glavu.