Muhogo mchungu unavyoweza kumkaza mtoto miguu

Jana mtoto alikuwa akikimbia. Leo miguu yote miwili imekakamaa, magoti yanagongana na visigino havigusi ardhi. Wengine husema amerogwa. Madaktari wanaita hali hiyo konzo, na inahusishwa na sianidi, sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri.

Masasi na Newala wanaijua sumu hiyo. Wakati wa ukame wa mwaka 1988, wakazi wa Wilaya ya Masasi waliugua baada ya kula ugali wa muhogo uliosindikwa harakaharaka kwa njia iitwayo chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa kidogo, kisha unaliwa. Konzo yenyewe ilizuka Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaonekana mkoani Mtwara.

Kwa nini miguu inakaza?

Misuli ya shavu la mguu hupokea amri kutoka seli za fahamu zilizo ndani ya uti wa mgongo. Seli hizo ni nyepesi kushtuka: misuli ikivutwa kidogo tu, zinaikaza. Kwa kawaida ubongo husaidia kuzituliza, kama dereva anayekanyaga breki. Konzo huharibu njia zinazoshusha ujumbe huo wa ubongo. Breki ikikosekana, shavu la mguu hubaki limekaza na mtoto hutembelea vidole. Daktari akisukuma unyayo juu ghafla, mguu hutikisika wenyewe.

Hapo ndipo konzo inapotofautiana na polio, ambayo hulegeza mguu. Konzo haiambukizi na haiendelei kuongezeka, lakini ulemavu wake haponi mtu. Mazoezi ya kunyoosha misuli, magongo, na wakati mwingine upasuaji wa kurefusha kano la kisigino, humsaidia mtoto kutembea. Mtoto yeyote aliyekaza au kulegea miguu ghafla apelekwe hospitali mara moja.

Kinga iko jikoni

Kuloweka muhogo kwa siku kadhaa hupunguza sumu sana, ila kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya shida. Njia ya kulowanisha unga, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kufundishwa pia mkoani Mtwara, hutumia maji kidogo:

1. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, kisha weka alama usawa wake.
2. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, halafu utapanda. Ukifika kwenye alama, acha.
3. Tandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1. Uache juani saa 2 au kivulini saa 5, sumu itoke hewani.
4. Songa ugali siku hiyohiyo.

Ugali huo uwe na kunde, maharage, samaki au mayai. Mwili hutumia protini za vyakula hivyo kuondoa sumu iliyobaki. Wanaoathirika zaidi ni watoto walioacha kunyonya na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hivyo msimu wa njaa mboga isiishie kwenye sahani ya baba.