Mama Yuko Mlimani, Sukari Imepanda

Kama wewe ni mtoto wa Morogoro unayehangaika na maisha mjini au Dar, na mama yako kabaki kule Nyandira, siku unapopigiwa simu kwamba amegundulika ana kisukari unawaza jambo moja tu: ashuke. Aje akae kwako, apumzike, apikiwe, awe karibu na hospitali. Nani atakulaumu? Majirani watakusifu kwamba unampenda mzazi.

Lakini hebu tulitazame hilo kabla hujatuma nauli.

Mama wa Mgeta akiamka anapanda na kushuka. Shamba liko kwenye mteremko, maji yako bondeni, sokoni ni kwa mguu. Misuli inayofanya kazi hula sukari iliyo kwenye damu, kwa hiyo ile milima ni dawa ambayo haiandikwi na daktari yeyote. Sasa mlete Kihonda. Anaketi kwenye sofa, anaangalia tamthilia, dada wa kazi anamletea kila kitu mkononi. Soda ya heshima ipo, wali mchana, chapati jioni. Baada ya miezi mitatu mnashangaa sukari haishuki, eti mama anakula pipi kwa siri! Kumbe ni sofa.

Mwaka 1989 watafiti walichapisha matokeo ya kupima watu katika vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ni kweli vipimo na umri wa waliopimwa havikuwa vilevile, ila tofauti hiyo si ya mchezo, na maisha ya kukaa yana mkono wake humo.

Sisemi umwache huko peke yake. Kama haoni vizuri, ana kidonda, figo zina shida au hakuna wa kumwangalia, mshushe leo. Ila akifika kwako mpe jembe na kipande cha bustani, mwache aende gengeni mwenyewe, na mpeleke matembezi ya asubuhi kabla jua halijawaka. Mzee kufanya kazi ndogo nyumbani kwako si aibu.

Sukari ikishuka

Watu wengi wanaogopa sukari kupanda tu. Kwa mzee, kushuka kunaweza kumaliza mambo kwa usiku mmoja. Anameza vidonge asubuhi, hali vizuri kwa sababu hana hamu ya kula, anakwenda shambani. Mchana anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka au anakuwa mkali bila sababu. Nyumbani wanasema ni uzee. Wengine wanasema karogwa.

Mpime. Ikiwa chini ya 4 na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha ale chakula. Huna kipimo? Mpe sukari vilevile. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Ndiyo maana nyumba ya mgonjwa wa kisukari iliyofukuza sukari yote ni nyumba ya hatari. Kikopo kimoja kikae karibu na kitanda chake.

Na soma jina kwenye paketi ya dawa. Ukikuta ni glibenklamaidi na mama ameshavuka miaka 60, muulize daktari kama inaweza kubadilishwa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba dawa hiyo haiwafai watu wa umri huo, kwa sababu inashusha sukari na kuikalisha chini muda mrefu. Usiikatishe mwenyewe. Hali kadhalika kama mzee anafunga Ramadhani au Kwaresima: azungumze na daktari kabla, si siku ya tatu ya mfungo.

Nani amwambie?

Hapa ndipo wengi tunakwama. Mtu aliyekunyonyesha humwambii "acha hiyo ndizi" mbele ya wageni. Atakuitikia vizuri, halafu atakula jikoni. Kwa Waluguru ukoo unakwenda upande wa mama, na mjomba akisema neno lina uzito ambao wewe huna. Mtumie huyo kwa mambo makubwa, kama kukubali sindano. Kwa mambo madogo mtume mjukuu, maana bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu anaweza kusema "Bibi, leo chai bila sukari au nakuacha!" na bibi akacheka akanywa.

Halafu kuleni chakula kimoja. Kumpikia mzee chungu chake pembeni ni kumwambia anakufa. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo maharage au dagaa, na nyumba nzima ile hivyo. Mgeta ndiyo inayojaza kabichi, karoti na njegere kwenye magari ya Dar, halafu nyumbani kunabaki viazi na chai tamu! Jamani. Dona na uji wa ulezi ni vizuri, lakini ni wanga pia, usijaze bakuli. Asali nayo ni sukari, hata kama imetoka msituni. Mtu akimletea mizizi ya kutibu kisukari msigombane, mradi vidonge haviachwi na daktari anaambiwa.

Miguu na panya

Kisukari cha muda mrefu hutia ganzi miguuni. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, bila kusikia chochote. Sisi wa Morogoro tunajivunia panya wa SUA wanaonusa mabomu na kifua kikuu, lakini wa darini ni mwingine. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, mabaki ya chakula yasilale chumbani, na kila jioni mjukuu amkague bibi nyayo na katikati ya vidole. Shambani asiende peku.

Kuhusu hela, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee asiyejiweza atibiwe bure kuanzia miaka 60, hivyo mtafutie kitambulisho cha mzee kwenye serikali ya kijiji. Hata hivyo, tenga fedha kila mwezi, kwani kuna siku dawa itakosekana kituoni na utaambiwa ukanunue.

Kama anachoma insulini, chupa inayotumika huweza kukaa bila friji kama wiki nne mahali pasipo na joto kali. Baridi ya Nyandira inakusaidia. Chupa inaharibikia njiani, ikiachwa mbele ya kioo cha gari juani pale Msamvu. Ifunge kwenye kitambaa ndani ya kikapu chako, na siku anayoifungua aandike tarehe ubavuni kwa kalamu.