Mantiki na Vitabu vya Fasihi Shuleni

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Wazazi wengi wa vijijini kwetu Maruku huuliza: je, kijana wa Kiislamu asome riwaya na tamthilia za shuleni, ilhali visa vyake ni vya kubuni, na ndani yake mna walevi na wazinzi? Swali hili si dogo. Fasihi imo katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, na kijana akiambiwa ni haramu, atafeli au atasoma huku moyo wake unamsuta.

Kwanza tutazame fiqhi. Uongo uliokatazwa ni kumpa mtu habari isiyo ya kweli ili aisadiki. Mtunzi wa riwaya hadai kuwa kisa kilitokea, na msomaji analijua hilo. Ibn Hajar al-Haytami, faqihi mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, ameruhusu visa vya kubuni vinavyokusudiwa kupiga mifano na kufundisha. Aidha, mwenye kunukuu kufuru hawi kafiri kwa kunukuu tu.

Pili ni mantiki. Maulamaa walikhitalifiana juu yake: Ibn as-Salah aliikataza, na al-Ghazali akaitanguliza katika al-Mustasfa, kitabu chake cha usul. Sisi tunachukua sehemu yake nyepesi tu, ya kupima hoja.

Hoja sahihi ni kama hii: kila kileweshacho ni haramu, rubisi hulevya, basi rubisi ni haramu. Kiungo chake ni kulevya, wala si ndizi, kwani ndizi ni halali.

Sasa tazama hii: kila mgomba wenye mnyauko bakteria majani yake hugeuka manjano, mgomba huu majani yake ni manjano, basi una mnyauko bakteria. Mkulima anajua kuwa majani hugeuka manjano pia kwa mnyauko fuzari, au kwa ardhi iliyochoka. Akiharakisha, atang'oa mgomba usio na ugonjwa huo.

Anayesema, "Kitabu hiki kina mlevi, basi kinafundisha ulevi," amefanya kosa hilo hilo. Kitabu kinachofundisha ulevi humtaja mlevi, lakini kinachoukemea nacho humtaja. Hukumu hutegemea jinsi kisa kinavyomwonyesha na mwisho wake. Ikithibiti kuwa kitabu kinapamba uovu, hapo mzazi ana haki ya kusema.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbingu na ardhi zikiwemo. Kila mmoja alirudi na jambo la manufaa, na kila mmoja akaadhibiwa. Hiyo ni istiqraa: kukusanya matukio ili kufikia kanuni. Na kwa kuwa hakuacha upande wowote, mshtaki hana pa kuchomokea. Mwanafunzi anayekariri majina sita bila kuiona hoja hiyo hajakisoma kitabu.

Basi, ewe mwanafunzi, katika kila kitabu jiulize: nani anasema, mtunzi au mhusika? Ametoa dalili gani? Je, natija inatoka katika dalili hiyo? Maswali haya yatakufaa katika mtihani, na yatakuzuia kumhukumu Muislamu mwenzako kwa dhana.

Wallahu a'lam.