Mwethya wa Malezi: Kumtia Moyo Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji

Mgeni wa Makueni, Ukambani nchini Kenya, hushangazwa na mtaro wa fanya juu. Mchimbaji husimama ndani ya shimo na kuurusha udongo upande wa juu wa mteremko, ingawa kuutupa chini kungekuwa rahisi zaidi. Jioni shamba ni lile lile, ila mgongo unauma. Lakini mvua ikija hukuta tuta limejengeka, udongo hunaswa nyuma yake, na misimu ikipita mteremko hugeuka kuwa ngazi. Ukambani kazi hiyo haikuachiwa mtu mmoja. Ilifanywa na mwethya, kundi la majirani, wengi wao akina mama, waliohama na majembe yao kutoka shamba hadi shamba kwa zamu.

Naanzia shambani kwa sababu kuna swali moja wataalamu wa watoto tunaloulizwa mara nyingi: nimwambie nini jirani yangu ambaye mwanawe ana usonji? Anayeuliza hivyo, awe Kathonzweni au kwingineko, ana nia njema na anatafuta maneno. Ukweli ni kwamba kumtia moyo mzazi huyu ni kazi ya mikono kama ile ya mtaro, nayo ina utaratibu wake.

Kwanza tuelewane usonji ni nini. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo mizizi yake huanza mapema sana, mara nyingi kabla mtoto hajazaliwa. Hugusa namna mtoto anavyowasiliana, anavyochangamana na watu na anavyopokea sauti, mwanga, ladha na mguso. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Basi si jambo la mjini wala la wazungu. Kwenye soko lililojaa watu mia chache, huenda yupo mmoja au zaidi.

Dalili huonekana mapema kwa anayezijua. Mtoto ametimiza mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina. Hanyooshi kidole kukuonyesha mbuzi aliyepita. Ana miezi 16 bila neno hata moja, au ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili. Wengine walikuwa na maneno yakapotea. Yupo anayepanga vizibo vya chupa mstari mmoja kutwa nzima, na yupo anayeziba masikio na kupiga mayowe mvua inapogonga mabati, au vipaza sauti vya kanisani vinapowashwa. Dalili moja pekee haithibitishi kitu. Huenda mtoto hasikii vizuri, na ndiyo maana masikio hupimwa mapema. Lakini yeyote kati ya hawa anastahili kupelekwa hospitali bila kungoja.

Kinachomwangusha mzazi wakati huo mara nyingi ni lawama kuliko hata uchovu. Mwaka 2015, Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti kutoka pwani ya Kenya uliowauliza wazazi na wataalamu chanzo cha usonji. Pamoja na maambukizi na matatizo ya uzazi, walitajiwa pepo, uchawi na laana. Msomaji wa Makueni hatashangaa. Mama huulizwa alimkosea nani, alikula nini akiwa mjamzito, na ukoo wa kwao una nini.

Wala si Afrika peke yake. Leo Kanner, aliyewaeleza watoto 11 wenye usonji huko Marekani mwaka 1943, alidokeza kuwa wazazi wao walikuwa watu wasio na joto. Kutoka hapo likazuka dai kwamba ubaridi wa mama ndio uliomfunga mtoto, na Bruno Bettelheim akalieneza katika kitabu chake cha 1967. Aliyelibomoa dai hilo kwa hoja za kisayansi mapema kuliko wengi ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964. Uingereza wazazi waliunda chama chao mwaka 1962. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Lorna Wing, daktari na mama wa binti mwenye usonji. Kwetu, Chama cha Usonji cha Kenya kiliasisiwa na wazazi mwaka 2003. Angalia mfuatano huo: kila mahali, mzazi alifunguliwa pingu za lawama na mzazi mwenzake.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kumtia moyo ni fupi: si wewe uliyesababisha. Jeni zina mchango mkubwa. Chanjo haisababishi; ule utafiti wa 1998 uliodai kinyume, wenye watoto 12 tu, jarida lililouchapisha lilikwisha kuubatilisha mwaka 2010. Na usiiseme sentensi hiyo faraghani pekee. Iseme mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, mbele ya wanakikundi, maana huko ndiko lawama inakotungwa.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo sababu maneno mengine ya faraja huumiza. “Ataongea tu, hata mjomba wake alichelewa” humfanya mzazi apoteze mwaka mzima akisubiri. “Mungu alijua wewe ndiye unayeweza” humziba mdomo, kwa kuwa sasa hata kulia kunaonekana kama kukosa imani. Kuomba pamoja ni jambo jema. Kumwacha na maombi peke yake ndiko kunakomwelemea. Na “kuna mtu anaponya” humfanya auze mbuzi. Kifafa, ambacho huwapata baadhi ya watoto hawa, kina dawa. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia anakudanganya.

Badala yake, mpe mwenzako vitu vitatu: njia, ujuzi na muda.

Njia ni kumwonyesha pa kwenda, na ikiwezekana kufuatana naye. Kituo cha afya kilicho karibu kitamwandikia rufaa, na hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Makueni iko Wote. Upande wa elimu, Kenya ina huduma ya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itamwelekeza aliko afisa wa tathmini hiyo. Kisha kuna usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, unaohitaji tathmini ya madaktari. Familia zenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa zinazotimiza masharti huweza kuingizwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzazi aliyekwisha kuipita njia hii anajua dirisha lipi lina foleni na karatasi gani husahaulika. Ujuzi huo unamwokolea mwenzake nauli za safari mbili.

Ujuzi, kitu cha pili, ni wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe bingwa, anaweza kuwa muuguzi, mwalimu, hata mzazi. Watafiti wameyafanyia kazi hapa Kenya, Kilifi ikiwemo. Msingi wake ni kwamba mtoto hujifunza kuwasiliana ndani ya shughuli za kila siku. Tuseme mama anachambua ndengu na mwanawe anapenda kuzimimina kutoka kikombe hadi kikombe. Asimnyang’anye. Aketi mbele yake, macho yalingane, naye amimine vivyo hivyo. Aseme neno moja: “Mimina.” Kisha anyamaze na kuhesabu moyoni hadi 10. Mtoto akitupa jicho, akitoa sauti au akinyoosha mkono, apewe ndengu papo hapo na asifiwe. Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi moja.

Kunawa mikono nako kugawanywe: kulowesha, sabuni, kusugua, kusuuza, kupangusa. Msaidie katika hatua zote isipokuwa ya mwisho. Akishaweza kujipangusa, mwachie pia kusuuza. Hivyo kila mara anamaliza kazi mwenyewe. Na akijipiga kichwa au kulia bila kukoma, jiulize: kabla yake kulitokea nini? Mtoto asiyesema hawezi kukwambia jino linamuuma.

Muda ndio zawadi inayosahaulika. Wapo wanaomfungia mtoto ndani wanapokwenda kupalilia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikwisha kukataza kumficha mtu mwenye ulemavu asipate huduma, lakini mama aliye peke yake hawezi kulima kwa kutishwa na sheria. Hapa ndipo mwethya unapohitajika tena: wazazi wanne au watano, kila mmoja akae na watoto asubuhi moja ya wiki. Watoto wenye usonji huweza kutoroka ghafla, na wengi huvutwa na maji, hivyo zungukeni pamoja kwa jirani, dukani na kwenye kijiwe cha bodaboda. Mtajeni mtoto kwa jina, elezeni kuwa akiitwa huenda asijibu, na akionekana akielekea silanga, yaani bwawa, ashikwe mkono taratibu na kurudishwa. Akina baba waingie kwenye zamu. Nyanya naye apumzishwe, na ndugu za mtoto wapate siku ambayo hawamlindi mtu.

Kikundi kama hicho kina faida nyingine isiyopatikana hospitalini: kina masikio yanayojua kupima. Mama akiwaambia watu wengine kwamba leo mwanawe wa miaka minne amegeuka alipoitwa, watamwangalia wakingoja aendelee na hadithi. Wenzake hawatangoja. Wanajua ameliita jina hilo mara ngapi, na ni udongo kiasi gani umerushwa juu hadi kichwa kikageuka. Wao watapiga vigelegele.