Vinyoya uani: mazoezi ya Mkoani bila uwanja

Adui wa kwanza wa mpira wa vinyoya Mkoani, Pemba, ni upepo. Kinyoya cha mashindano hutengenezwa kwa manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kichwa cha kizibo, na chote kwa pamoja hakizidi gramu 5.5. Kusi inapovuma, pigo lililokusudiwa mwenzako huishia kwenye jamvi la karafuu za jirani, na mchezo huvunjwa na bibi mwenye karafuu zake. Ndiyo maana mashindano makubwa huchezwa ndani ya kumbi, na ndiyo maana vijana wengi wasio na ukumbi huitundika raketi ukutani mapema.

Huitundika bure. Sehemu kubwa ya ufundi wa vinyoya imo miguuni, begani na vidoleni, na hivyo havihitaji uwanja. Hata wenye mchezo waliuanzia nje. Maofisa wa Kiingereza waliocheza India katika karne ya 19, mjini Poona, walikuwa na hila ya siku za upepo na mvua: waliweka kinyoya kando wakatumia kijimpira cha sufu. Hila hiyo inafaa Pemba hadi leo, na nitairudia.

Nyumba nyingi za Pemba zina uani, na uani una ua wa makuti au ukuta wa matofali. Hiyo ni kinga ya upepo, na pia ni stara. Msichana ambaye kwao haruhusiwi kwenda kukimbia kiwanjani mbele ya watu anaweza kufanya mazoezi haya yote nyuma ya nyumba, na mama yake akiendelea na mapishi yake.

Aanze na miguu, raketi aiache ndani kwanza. Nusu uwanja ya mchezo wa mmoja kwa mmoja ina urefu wa mita 6.70 na upana wa mita 5.18, uani ukiwa mdogo, apunguze. Achukue vifuu sita: viwili mbele, viwili ubavuni, viwili nyuma, naye asimame katikati. Mtu mmoja akae kizingitini ataje kifuu, yeye akikimbilie, akiguse, arudi katikati. Kurudi ndiko wengi wanakokusahau. Siri ya wachezaji wakubwa ni kiruko kidogo sana, visigino vikiinuka tu, sekunde ileile mpinzani anapopiga. Kiruko hicho ndicho kinachoufanya mguu uwe tayari kwenda upande wowote. Kwa hiyo aruke kila anaposikia kifuu kimetajwa, kisha ndipo aende. Akienda mbele, hatua ya mwisho iwe ya mguu wa upande wa mkono unaoshika raketi, kisigino kitangulie, na goti lielekee zinakoelekea ncha za vidole. Nusu dakika ya kazi, nusu dakika ya kupumzika, mara nane au kumi. Ndara hazifai kabisa. Zimevunja vifundo vya miguu vingi kuliko mpira. Na mchanga ufagiliwe kwanza, maana mchanga mwembamba juu ya saruji huteleza.

Pigo la juu ya kichwa mtoto wa Pemba analijua tayari bila kufundishwa: ni mkono uleule unaorusha jiwe kutungua embe. Kiwiliwili hukaa ubavu, kiwiko hutangulia, bega huzunguka, kisha kiganja humalizia. Hapa ndipo kijimpira cha sufu kinaporudi. Kifungwe kwa uzi kining'inie kwenye boriti au tawi, mahali ambapo raketi hukifikia mkono ukinyooka. Anayekipiga mkono ukiwa umekunjika ataona mwenyewe kwamba kimo kimempita.

Kuanzisha mpira ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo linalodharauliwa zaidi. Kila pointi kati ya zile 21 za seti huanza hapo, na ndilo pigo pekee ambalo mpinzani hawezi kukuharakisha. Kanuni ya Shirikisho la Dunia la mchezo huu, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inataka kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati wa kupigwa. Piga mstari wa mkaa ukutani kwa kimo hicho, usimame kando yake. Funga kamba ya usumba kati ya nguzo mbili kwa kimo cha mita 1.52, ambacho ndicho kimo cha wavu katikati. Simama mita mbili nyuma ya kamba, weka ungo mita mbili na kidogo upande wa pili, kisha jaribu kukitia kinyoya humo, kikipita juu ya kamba kwa nafasi ndogo uwezavyo. Kinyoya cha nailoni kinatosha, hakifi haraka.

Ukuta wenyewe nao ni mwenza asiyechoka. Simama hatua tatu mbali nao, shika raketi kwa ulegevu, ukaze vidole pale tu inapokutana na kinyoya. Usichague ukuta wa chumba anacholala baba adhuhuri.

Mkoani ina uhusiano na mchezo huu ambao wengi hawaufikirii. Madaktari wa China wanaohudumu Hospitali ya Abdalla Mzee hutoka jimbo la Jiangsu, ambalo limekuwa likileta timu za tiba Zanzibar tangu 1964. Jimbo hilohilo ndilo lililowazaa Ge Fei na Gu Jun, kinamama waliotwaa dhahabu ya Olimpiki ya wawili wawili mwaka 1996 na tena 2000. Na kwa asiyeamini kwamba ukanda wetu unafika huko, Edwin Ekiring wa Uganda alicheza Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012.

Uani hautakufundisha kumsoma mpinzani wala kupima pigo refu la mwisho wa uwanja. Hayo yanataka mtu na nafasi. Tangu 2019 Shirikisho la Dunia lina aina ya mchezo wa nje, wenye kinyoya kilichoundwa kustahimili upepo, unaoweza kuchezwa juu ya nyasi au mchanga. Walimu wa michezo wa skuli za Mkoani, ambako fukwe hazikosekani, waanze kuuliza namna ya kukipata.